Mama ana miaka 68 na sukari, anakwenda Hija: kadi ya chanjo inunuliwe tu?

Swali: "Assalamu alaikum daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Mombasa, na mwaka huu Mwenyezi Mungu amemjaalia kwenda Hija akifuatana na kaka yangu. Zimebaki wiki tano. Ana sukari mwaka wa 14 sasa, anadunga insulini usiku na kumeza metformin, na ana vidonge vya presha. Ajenti anasema zinahitajika chanjo tatu: ya uti wa mgongo, ya homa ya manjano na ya polio. Lakini kwa kuwa mama ni mtu mzima na mgonjwa, ajenti atatutafutia kadi ya manjano, ile ya kimataifa ya chanjo, iliyopigwa muhuri, bila mama kudungwa. Mama amefurahi, maana amesikia chanjo hizo zina nguruwe, na mzee mmoja wa mtaani kwetu alilazwa baada ya kudungwa ya homa ya manjano. Polio anasema ni ya watoto. Ana kadi ya zamani ya homa ya manjano ya 2011, alipokwenda Kampala, ila imeandikwa kwamba ilikwisha 2021. Naogopa kumdhuru kwa sindano, na naogopa kumpeleka bila kinga. Tufanye nini?"

Wa alaikum salaam, dada yangu. Nashukuru umeuliza kabla hamjatoa pesa. Nitakujibu moja kwa moja, kisha nieleze sababu. Kadi msinunue. Mama adungwe ya uti wa mgongo wiki hii hii, na ya polio siku hiyo hiyo ikiwa masharti ya mwaka huu yanaitaka kwa wasafiri wa Kenya. Ya homa ya manjano hana haja ya kudungwa tena. Kwa hiyo katika sindano tatu anazoziogopa, ile moja ambayo hofu yake ina msingi wa kweli ndiyo aliyokwisha kuimaliza mwaka 2011.

Nianze na hiyo kadi ya zamani, kwa sababu najua nyumba nyingi zina kadi kama hiyo ndani ya mkoba wa pasipoti na wenyewe wanaamini imekufa. Zamani cheti cha homa ya manjano kilihesabiwa miaka 10. Wataalamu walipochunguza wakaona kwamba dozi moja inamtosha mtu wa kawaida maisha yake yote, na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zikabadilisha kanuni ya kimataifa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa uhai wote wa mwenye nacho, hata kama muhuri wake una tarehe ya mwisho, na hakuna nchi inayoruhusiwa kumdai msafiri arudie kwa sababu tu miaka 10 imepita. Kadi ya mama ni halali. Msiifute ile tarehe ya 2021 wala kuiandika juu kwa kalamu, maana kadi iliyochezewa inaweza kukataliwa. Angalieni jambo moja tu: jina lililo kwenye kadi lifanane na la pasipoti. Ikiwa mwaka 2011 aliandikwa jina la ukoo na sasa pasipoti ina jina la babake, pelekeni zote mbili ofisi ya afya ya bandari hapo Mombasa muulize namna ya kulirekebisha kabla ya siku ya safari.

Kwa nini nimesema hofu ya chanjo hii ina msingi? Kwa sababu huyo mzee wa mtaani kwenu huenda aliugua kweli, na sipendi watu wazima wanapoambiwa wanadanganywa na uvumi ilhali kuna ukweli ndani yake. Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ndani ya mwili kinazaana kidogo, mwili unajifunza kupigana nacho, na ndiyo maana kinga yake hudumu maisha. Lakini kwa watu wachache sana, hasa waliovuka miaka 60 na wanaochanjwa kwa mara ya kwanza, kirusi hicho kinaweza kuwazidi nguvu na kushambulia ini au ubongo. Ni nadra, lakini ipo. Kwa hiyo mtu wa miaka 68 ambaye hajawahi kuchanjwa hapaswi kufika dirishani na kukunja mkono wa kanzu tu. Akae na daktari wapime: anatoka wapi, anakwenda wapi, ana maradhi gani, anatumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili au la. Daktari akiona hatari inazidi faida, kuna cheti cha msamaha wa kiafya, karatasi halali inayoandikwa na kutiwa muhuri. Nchi anayokwenda ina haki ya kukikubali au kumweka chini ya uangalizi kwa siku chache, basi aulize mapema. Hiyo ndiyo njia ya haki kwa mzee asiyefaa kudungwa, wala haihitaji ajenti.

Na Saudia wana sababu ya kudai cheti kutoka kwetu. Kenya, Uganda, Burundi na Congo ni nchi zenye homa ya manjano. Hapa kwetu ilizuka bonde la Kerio mwaka 1992, na Isiolo mwaka 2022. Mbu anayeieneza, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana, yupo Jeddah na Makka, na tayari anaeneza homa ya dengue huko. Kinachokosekana ni kirusi tu. Mwaka 2016 wafanyakazi waliotoka Angola walirudi China wakiwa na homa ya manjano, wagonjwa 11, na kabla ya hapo Asia haikuwahi kuupokea ugonjwa huo. Fikiria kirusi hicho kikiingia mahali penye mahujaji zaidi ya milioni moja.

Sasa uti wa mgongo, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, maana hii ndiyo sindano ambayo mama hawezi kuikosa. Bakteria wa ugonjwa huu huishi puani na kooni mwa watu wazima wa afya, bila kuwadhuru. Mtu anaweza kumbeba kwa wiki au miezi asijue. Huhama kwa mate na makamasi: kukohoa, kupiga chafya, kunywea kikombe kimoja, kulala bega kwa bega. Kwa wengi hubaki kooni hivyo hivyo. Kwa mmoja mmoja huvuka na kuingia kwenye damu au kwenye utando unaofunika ubongo, na hapo kazi huwa ya saa, wala si ya siku. Mtu anaamka na homa na kichwa, jioni yuko mahututi. Hata akitibiwa vizuri, karibu mmoja katika kila wagonjwa 10 hufa, na baadhi ya wanaopona hubaki viziwi au hukatwa vidole na miguu.

Hija inamrahisishia bakteria huyu kila kitu. Watu wanatoka pembe zote za dunia na aina zao za bakteria, wanalala hema moja Mina, wanasongana kwenye tawafu, koo zimekauka kwa vumbi na kila mtu ana kikohozi. Mwaka 1987 aina inayoitwa A ilizuka Makka na kurudi na mahujaji hadi Afrika. Chad, Sudan na Ethiopia ziliathirika vibaya, na mwaka 1989 Nairobi nayo ikakumbwa na mlipuko wa aina hiyo. Baada ya 1987 Saudia wakaifanya chanjo kuwa sharti. Mwaka 2000 ikaja aina nyingine, W135, ambayo chanjo iliyotumiwa na wengi wakati huo haikuwa na kinga yake, ikaambukiza mamia ya mahujaji na jamaa zao katika nchi nyingi. Ndipo sharti likawa chanjo ya aina nne: A, C, W na Y. Ukifika kliniki taja hivyo hivyo, "ya aina nne". Zile kampeni za chanjo ya uti wa mgongo zilizofanyika katika nchi nyingi za Afrika zilikuwa za aina A peke yake, wala hazitoshi.

Na kwa anayedhani hayo ni ya zamani: Aprili na Mei 2024 waligundulika wagonjwa 12 huko Marekani, Ufaransa na Uingereza. Kumi walikuwa wametoka Saudia karibuni, wengi kwa Umra. Tisa walijulikana kuwa hawakuchanjwa, na wale watatu waliobaki hali yao ya chanjo haikujulikana. Lakini kilichonikaa moyoni ni wale wawili ambao hawakusafiri kabisa. Walikuwa jamaa wa karibu waliompokea msafiri nyumbani. Dada, mama akirudi atabusu wajukuu. Nyumba nzima itakuja kumwamkia na kunywa zamzam.

Chanjo hii haina bakteria hai. Ni vipande vya ganda la bakteria, vilivyounganishwa na protini ili mwili uvitambue vizuri. Haiwezi kumpa mama ugonjwa. Atapata maumivu ya mkono, pengine uchovu na homa kidogo siku moja au mbili. Sukari nayo inaweza kupanda kidogo siku hiyo, apime tu. Umri wake na sukari yake havimzuii, bali ndivyo vinavyomfanya aihitaji zaidi. Sharti la Saudia ni idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kutengeneza kinga. Zipo za namna mbili: ile ya zamani cheti chake kinahesabiwa miaka 3, na ile iliyounganishwa na protini miaka 5. Kama ipo ya pili, chagueni hiyo. Inapunguza pia uwezekano wa kumbeba bakteria kooni, na hilo ndilo linalowakinga wajukuu. Hakikisheni jina la chanjo limeandikwa kwenye kadi, lisiandikwe "meningitis" tupu, maana bila jina ofisa huweza kuihesabu miaka 3.

Kuhusu nguruwe, mwambie mama swali lake ni la heshima na limeshaulizwa na Waislamu wengi kabla yake. Waindonesia, ambao hakuna taifa linalotoa mahujaji wengi kuliko wao, walilichukulia kwa uzito. Baraza lao la Maulamaa lilizichunguza chanjo za uti wa mgongo na mwaka 2010 likaidhinisha baadhi yake kuwa halali. Chanjo za aina nne zilizounganishwa na protini zinazotumika sana leo hazina jelatini. Msiniamini mimi tu. Ombeni ile karatasi iliyo ndani ya kiboksi, msome orodha ya viambato pamoja na mama, kisha mpigieni sheikh mnayemwamini. Mhudumu mzuri hatakasirika mkiiomba.

Polio kweli huwapoozesha watoto zaidi, lakini mtu mzima hukibeba kirusi tumboni na kukitoa chooni akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo Saudia wana orodha ya nchi ambazo kila msafiri wake, wa umri wowote, lazima aonyeshe dozi moja iliyotolewa ndani ya miezi 12 iliyopita na si chini ya wiki 4 kabla ya safari. Orodha hubadilika kadiri kirusi kinavyoonekana hapa na pale. Ulizeni afya ya bandari kesho. Mna wiki tano, na sharti ni wiki nne, kwa hiyo hili ndilo lenye haraka kuliko yote. Kwa mtu mzima ni matone mdomoni au sindano ndogo, na haina shida na sukari wala presha.

Sasa turudi kwa ajenti wenu. Watu huniambia, "Daktari, kadi ni ya kumridhisha ofisa tu." Ningekuwa na njia ya kuwaonyesha mambo mawili, nafikiri wasingeinunua. La kwanza, mama akipata homa kali na kichwa huko Mina, daktari atafungua kadi yake. Akiona amechanjwa uti wa mgongo, ataanza kufikiria mafua, jua, malaria, na huenda akachelewa kumpa sindano ya antibiotiki iliyokuwa imwokoe. Kadi ya uongo humdanganya ofisa mara moja, lakini humdanganya daktari wa mama saa ile anayohitajika zaidi. La pili ni kuhusu ajenti mwenyewe. Anayeuza kadi bandia, muangalieni na viza aliyowapa. Mwaka 2024 serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji, na ikasema asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha Hija. Walitembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kujisitiri, na wengi waliingia kwa viza za matembezi walizouziwa kama njia ya mkato. Mwambie kaka yako aone kwa macho yake kibali cha Hija chenye jina la mama, na aulize hema la Mina ni lipi. Akizungushwa, wasiondoke.

Hapo ndipo nataka kukaa zaidi, maana chanjo zote zikikamilika, bado kinachomtishia mama kuliko vyote hakimo kwenye kadi. Ni jua, sukari na miguu.

Joto lililopimwa kwenye Msikiti Mtukufu Juni 2024 lilifika nyuzi 51.8. Hija hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo inatoka polepole kwenye kiangazi, lakini kwa miaka michache hii bado ni moto. Watu wa Mombasa husema joto tumelizoea. Joto letu ni la unyevu, jasho linakutiririka na unajua unatoka maji. Makka jua ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu anadhani hatoki jasho kumbe anakauka. Mwili wa mtu mzima hauhisi kiu mapema. Sukari ya miaka 14 huweza kuharibu mishipa ya fahamu inayofungua jasho. Na kama kimojawapo cha vidonge vyake vya presha ni kile kinachokojoza, anapoteza maji kwa mlango mwingine. Hili la vidonge ni la daktari wake kulipima kabla ya safari: wengine hupunguziwa, wengine huachwa hivyo hivyo. Asiviache mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wamama hawalisemi mbele ya watoto wa kiume, nami nalisema kwa niaba yao. Mama hatakunywa maji kwa sababu ya vyoo. Foleni ni ndefu, yuko kwenye ihramu, anaogopa udhu kuharibika, basi anajizuia tangu alfajiri. Nimewapokea wengi waliorudi na figo zimeteseka, na kisa kilianza hapo. Zungumza naye wewe, si kaka yako. Mwambie anywe kidogo kidogo kila mara, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ajue amechelewa, na kwamba kupanga foleni ya choo ni sehemu ya safari. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ziwe mkobani. Zina sukari kidogo, lakini anayeharisha au kutapika anazihitaji hata kama ana kisukari. Mwavuli mweupe awe nao kila atokapo, na ibada zenye hiari ya wakati zifanyike usiku. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au mwili ukawa wa moto sana, kaka asisubiri gari. Amlaze kivulini, ammwagie maji mwili mzima, ampepee kwa nguvu huku akiita msaada. Dakika zile za kumpoza ndizo zinazookoa ubongo. Wala asidanganyike kwa kuwa bado ana jasho.

Sukari huko huweza kushuka kwa urahisi. Saai peke yake, mizunguko saba kati ya Safa na Marwa, ni kama kilomita 3, na tawafu ina zake. Mama aliyezoea kutembea hadi dukani atakuwa anakwenda kilomita nyingi kwa siku, chakula hakina saa, na insulini ni ile ile. Apime sukari kabla ya tawafu na baada ya saai, na tende ziwe mfukoni, si kwenye begi la kaka aliyepotea kwenye umati. Daktari wake amwandikie kwenye karatasi: sukari ikiwa kiasi hiki, punguza insulini hivi, ukitapika au kuharisha, simamisha metformin mpaka utakapokula tena. Saa ya Mombasa na saa ya Makka ni moja, kwa hiyo muda wa kudunga haubadiliki. Insulini isafiri kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini ya ndege ambako inaweza kuganda. Anayotumia isizidi nyuzi 30; kama hamna friji, chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyopozwa kwa maji baridi hufaa, ila barafu isiiguse dawa.

Miguu sasa. Sukari ya muda mrefu hufisha hisia za nyayo. Mtu anakanyaga zege lenye moto, ngozi inaungua, yeye anaendelea na dhikri. Usiku akivua soksi anakuta malengelenge, na lengelenge la mwenye kisukari laweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Ndani ya Msikiti Mtukufu sakafu ya marumaru imepozwa sehemu nyingi, lakini nje ya milango ni habari nyingine, na viatu hupotea kila siku. Awe na ndala mbili, moja ndani ya mfuko anaoubeba mwenyewe. Mwanamke anaruhusiwa soksi kwenye ihramu, basi azivae, nyeupe ili damu ionekane. Kila usiku kaka azikague nyayo kwa tochi. Viatu vipya asivivalie Makka. Aanze kuvizoea leo. Jioni jua likipoa tembeeni naye kwenye ufuo wa Mama Ngina, leo kidogo, wiki ijayo zaidi. Hapo ndipo mtajua pia kama kifua kinambana au pumzi inakatika, na ni heri mjue kwenye ufuo wa Mombasa kuliko kwenye njia ya Arafa.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake, na barua ya daktari iliyotaja jina la dawa na kipimo, za kutosha siku za safari na wiki moja ya ziada. Na hapa kuna mtego. Wenye kisukari wengi wanaoungua nyayo huandikiwa pregabalin, na wazee wa mgongo huandikiwa tramadol au dawa zenye kodeini. Saudia dawa hizo zinadhibitiwa kwa sheria kali na zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Kama mama ana mojawapo, muulize daktari wake wiki hii: aombewe kibali au abadilishiwe.

Mengine kwa ufupi. Chanjo ya mafua ya mwaka huu mpeni, inaweza kudungwa siku moja na chanjo nyingine. Na kama hajawahi kupata ya nimonia, aulizie. Barakoa zimfae kwenye mabasi na kwenye umati. Maziwa mabichi ya ngamia asinywe, na mazizi ya ngamia wasiyatembelee, maana kuna kirusi cha mapafu kiitwacho MERS kilichogunduliwa huko mwaka 2012 na ngamia ndio wanaokibeba. Kaka yako anaponyoa kichwa aende kinyozi mwenye kibali na aone wembe mpya ukifunguliwa, kwa sababu homa ya ini aina ya B hupita kwenye wembe.

Haya yote nimeyaandika bila kumwona mama, na kuna mambo ambayo lazima aonekane. Mpeleke kwa daktari wake ndani ya wiki hii, apimwe sukari ya miezi mitatu, figo, presha, moyo na hisia za nyayo. Kama ana kidonda mguuni, kama amewahi kuzimia kwa sukari kushuka miezi ya karibuni, kama kifua kinambana akitembea au miguu inavimba, msiondoke kabla daktari hajasema neno. Huenda atasema aende kwa kiti cha magurudumu katika tawafu na saai, navyo vipo, na mama asione haya. Huenda atasema aahirishe mwaka mmoja. Najua uzito wa neno hilo kwa mtu aliyeweka akiba miaka, lakini masheikh wanapofundisha habari ya uwezo wa kwenda Hija, afya imo ndani yake. Mpelekeni pia kwa sheikh wake muulize nani anaweza kurusha mawe kwa niaba yake kama hawezi mwenyewe, ili asijilazimishe siku ya siku kwa kudhani Hija yake itapungua.

Na mwisho wa safari si uwanja wa ndege. Mama anatoka Mombasa, penye malaria, na vimelea huweza kukaa mwilini wiki moja, mbili, hata zaidi kabla ya homa. Akiugua Makka, kaka amwambie daktari wa huko kwamba wametoka eneo la malaria, maana huenda lisimjie akilini. Akiugua baada ya kurudi, mambo yanageuka: sisi huku kila homa tunaiita malaria. Kwa siku 14 za kwanza, homa, kikohozi kinachobana pumzi, kichwa kikali na shingo ngumu, au madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba ametoka Hija.